Nyumba za Mji wa Kale: nani alipie chokaa?

Kila masika yakipiga Mombasa, ubishi hurudi barazani: nyumba kuukuu zilizo karibu na Bandari ya Kale, zenye roshani za mbao na miti iliyoota ukutani, zihifadhiwe au zivunjwe?

Wanaotaka zihifadhiwe wana sheria mkononi, ile ya Makumbusho na Turathi ya 2006, lakini hoja yao bora zaidi imo kwenye ujenzi wenyewe. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo ni fupi, vyumba vikawa vyembamba na virefu. Ukuta huo hupumua. Ukija na saruji ukaupiga plasta, unyevu na chumvi ya bahari hukwama ndani, hatimaye plasta hubanduka na kuondoka na jiwe. Fundi wa haraka ni hatari kuliko uzee.

Hata hivyo mwenye nyumba naye asikilizwe. Aghalabu si mmoja: ni mirathi isiyogawanywa, huyu yuko Kibokoni, yule Dubai, wa tatu hasemi nao. Kubadilisha boriti moja kwataka ridhaa ya wote, kisha kibali, kisha fundi anayeijua chokaa, na hao wamebaki wachache. Kumwambia mrithi kama huyo "usiguse" bila kumsaidia hata kiroba cha chokaa ni kumtwika peke yake mzigo wa mji mzima.

Basi serikali izichukue? Hapo mimi nasita. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba la 1883, ni mali ya serikali na limo ndani ya Mji Mkongwe unaotambuliwa na UNESCO. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, watu wawili wakafa.

Naegemea hifadhi, ila iliyolegezwa. Uso wa nyumba, roshani, mlango na kimo visiguswe. Ndani, mwenyewe aweke jiko na choo apendavyo. Pesa za kwanza ziende kwenye paa, hata kwa bati la muda litakalowaudhi wapiga picha (watavumilia). Na kibali cha kuziba paa kisingoje warithi wapatane. Wakigombana, wagombane pakavu.