Juni 6 Nchini Uswidi: Sikukuu Changa Inayostahili Kutetewa

Kila Juni 6 inapokaribia, Waswidi hurudi katika mjadala wao wa miaka yote: Siku ya Taifa ni ya nini hasa, na kwa nini wavae mavazi ya jadi na kupeperusha bendera katika nchi ambayo haikuwahi kushusha bendera ya mkoloni na haijapigana vita tangu 1814? Tarehe hiyo iliadhimishwa kama Siku ya Bendera kuanzia 1916, ikapewa jina la Siku ya Taifa mwaka 1983, na ni tangu 2005 tu ndipo watu wanapumzika kazini.

Wanaoikosoa wana hoja, na baadhi ni nzito. Tarehe yenyewe inakumbusha kuchaguliwa kwa Gustav Vasa kuwa mfalme huko Strängnäs mwaka 1523, na Uswidi kujitoa katika muungano na Denmark. Lakini ni mfalme huyohuyo aliyedai kila kanisa litoe kengele moja ili alipe deni lake kwa mji wa Lübeck, na wakulima wa mkoa wa Dalarna, waliokuwa wamempigania, walipogoma, viongozi wao waliuawa. Zaidi ya hayo, makundi ya mrengo mkali wa kulia yamewahi kuitumia siku hii kuandamana mjini Stockholm, na Mswidi anayeona haya kubeba bendera kwa sababu hiyo hastahili kuitwa msaliti. Wasami, wenyeji asilia wa kaskazini, nao wana siku yao, Februari 6, na wana haki ya kuuliza kama urithi unaosherehekewa mwezi Juni unawahesabu.

Hoja inayorudiwa zaidi, hata hivyo, ni kwamba mila za siku hii zimetengenezwa. Vazi la taifa, lenye kitambaa cha buluu, aproni ya njano na maua meupe yaliyodariziwa, halikurithiwa kutoka kijiji chochote. Lilibuniwa na Märta Jörgensen, aliyeanzisha chama mwaka 1902 kuwahimiza wanawake waachane na mitindo ya mavazi ya kigeni. Likakaa bila kujulikana sana hadi Malkia Silvia alipolivaa Juni 6, 1983. Msemo wetu wa mwacha mila ni mtumwa hausaidii hapa, kwa kuwa wakosoaji wanauliza kwanza kama hii ni mila.

Naona wanakosea katika hili, na wanaowaudhi bila sababu ni watu wengi wema. Kila mila ina siku ilipoanza, ila nyingine zimesahaulika siku zao. Viazi vipya vinavyoliwa na samaki wa kuloweka katika sherehe za katikati ya kiangazi, ambazo hakuna Mswidi anayethubutu kuziita bandia, havikuwapo mezani kabla ya karne ya 18, Jonas Alströmer alipoanza kulihimiza zao hilo. Mama anayemshonea binti yake vazi la buluu na njano anafanya kazi ileile waliyoifanya bibi zake, na mtoto anayemkabidhi malkia shada la maua kule Skansen, makumbusho ya wazi ya Stockholm yaliyofunguliwa 1891, katikati ya nyumba kuukuu ambazo mwanzilishi wake Artur Hazelius alizikusanya kutoka pembe zote za nchi, hatangazi chuki kwa mtu yeyote. Kuiacha bendera mikononi mwa wenye chuki kwa kuwa waliwahi kuibeba ni kuwazawadia.

Hao wanaosema sherehe za kiangazi zinatosha kuwa siku ya taifa husahau jambo moja ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Sherehe zile ni za nyumbani. Mkesha wake huwa Ijumaa, kati ya Juni 19 na 25. Miji hubaki mitupu, watu wamekwenda kwenye nyumba zao za shamba, kwa wazazi na marafiki wa utotoni. Asiye na ndugu mwenye nyumba ya shamba ataziona tu kwenye televisheni. Na katika nchi ambayo takriban mkazi mmoja kati ya watano amezaliwa nje, wasio na ndugu wa namna hiyo ni wengi mno. Wamo Wakongo na Warundi, wasemaji wenzetu wa Kiswahili, waliofikishwa huko kutoka kambi za wakimbizi.

Juni 6 haimtaki mtu awe na ukoo. Inafanyika katika bustani za umma na viwanja vya mji. Tangu 2015 sheria inaitaka kila manispaa iandae angalau mara moja kwa mwaka hafla ya kuwapokea raia wapya, na nyingi huchagua tarehe hii. Stockholm huwakaribisha katika jumba lake la mji, lilelile linalofanyiwa karamu ya Tuzo za Nobel. Mtu aliyesubiri kibali kwa miaka, akihesabiwa kama faili, anakaribishwa hadharani na viongozi wa mji, na watoto wake wanaona. Ni sikukuu gani nyingine ya Uswidi inayompa mgeni nafasi hiyo? Tena tarehe hiyo ina mzizi wa pili usiotajwa vya kutosha: Katiba ya Juni 6, 1809, iliyobana madaraka ya mfalme baada ya mtangulizi wake kupinduliwa. Raia mpya haombwi kumwabudu Gustav Vasa. Anaingia katika utawala wa sheria.

Lalamiko moja halijibiki kwa hoja za urithi. Ili Juni 6 iwe mapumziko, wafanyakazi walinyang'anywa Jumatatu ya Pentekoste, ambayo kila mwaka iliwapa wikiendi ndefu. Juni 6 huangukia Jumamosi au Jumapili kwa wastani wa miaka miwili katika kila saba, na 2026 na 2027 ni miaka ya namna hiyo, mfululizo. Baadhi ya mikataba ya vyama vya wafanyakazi hufidia siku iliyopotea, mingine haifidii. Bunge lililofanya ubadilishaji ule ndilo lenye uwezo wa kuifanya fidia hiyo iwe sheria kwa wote, na lingefanya hivyo, sikukuu hii ingepungukiwa na adui wake wa haki kabisa.