Namba ya Poti Niijue Mimi?

Jamani, hebu niambieni. Simu hii inajua nimetembea hatua ngapi, inajua nimelala saa ngapi, nikitafuta viatu mara moja tu inaniandama na matangazo ya viatu mwezi mzima. Lakini iambie unataka kuweka humo ndani barua pepe yako ya kazini, uone itakavyojifanya mgeni. "Andika seva ya barua zinazoingia." Nani, mimi? Mimi na seva, hiyo kompyuta ya mbali inayotunza barua, tumekutana wapi?

Wenye anwani za yale makampuni makubwa hawayajui haya. Wao wanaandika jina, wanaandika neno la siri, kwisha, simu inaanza kulia ngri ngri barua zinaingia. Sisi wenye anwani za ofisi zetu ndogo ndio tunaoambiwa "sanidi mwenyewe". Kumbe hata humo ndani ya simu kuna watoto wa wakubwa!

Haya, unakubali. Swali la kwanza: IMAP au POP3? Vitufe viwili, maelezo hakuna. Nikampigia mpwa wangu.

"Mjomba, weka IMAP, hiyo inaziacha barua kwenye seva. Hiyo POP3 inashusha barua kwenye simu, na usipoiambia iache nakala, inaweza kuzifuta kule kwenye seva. Ukienda kufungua kompyuta unakuta patupu."

Sasa jambo zito namna hiyo, barua za watu zinafutwa, nao wameliweka pale kama unachagua mlio wa simu! Na msiniambie ni mambo mapya, bado wanayafanyia kazi. POP ilianza mwaka 1984, IMAP 1986. Muda wote huo amekosekana mtu wa kuandika sentensi moja chini ya kitufe?

Halafu zinakuja poti, yaani namba za milango ya seva ambayo barua zinapitia, na hapa ndipo mtu mzima unapotokwa na jasho. Barua zinazoingia kwa IMAP zina 993 ukitumia SSL/TLS, ule ulinzi wa kuzificha barua zikiwa njiani, na zina 143 kama huna ulinzi huo tangu mwanzo. Ukichagua SSL/TLS halafu namba ikabaki 143, simu haisemi "bwana, hivi havipatani". Inazungusha kale kaduara. Kanazunguka, unakatazama, kanazunguka, unaanza hata kukaonea huruma.

Barua zinazotoka ndiyo balaa kabisa. Hizo zina seva yake nyingine, inaitwa SMTP, na namba zake kila mtu anakwambia yake. Huyu 25, yule 587, mwingine 465. Mpwa akasema 25 niiache, hiyo ni ya seva kuongea zenyewe kwa zenyewe, na mitandao mingi inaizuia kwa ajili ya wanaomwaga barua taka. Hiyo 465 nayo ina mkasa wake: ilipewa kazi hii mwaka 1997, mwaka uliofuata ikavuliwa, watu wakaendelea kuitumia hivyohivyo, mpaka 2018 ndipo wakuu wakairudisha rasmi. Mimi nadaiwa niijue namba ambayo wenyewe imewachukua miaka 20 kuamua kama ni mfanyakazi au si mfanyakazi!

Jina la mtumiaji je? Seva nyingine zinataka anwani nzima pamoja na ile @, nyingine zinataka kipande cha mbele tu. Kibodi nayo ina kiherehere: unaandika jina, yenyewe inakuza herufi ya kwanza na kukuchomekea nafasi mwishoni, nafasi ambayo huioni kwa macho lakini seva inaiona. Neno la siri ndilo usiseme. Lina herufi kubwa, tarakimu na alama ya dola, nawe unaliandika kwa kidole kinene huku kila unachobonyeza kinageuka kitone cheusi.

Ukishamaliza, jibu linakuja: "Imeshindikana kuunganisha. Kagua jina la mtumiaji, neno la siri, poti, aina ya ulinzi na muunganisho wa intaneti." Nikague nini sasa, si ndiyo yote hayo! Hilo si kosa, hiyo ni orodha ya kila nilichoandika.

Mwishowe ikakubali, barua zikaanza kuingia. Nikashangilia. Nikajibu moja, ikakaa. Nikaangalia baadaye, imekaa palepale kwenye foleni ya kutoka. Mpwa tena: "Mjomba, kule kwenye SMTP kuna kijisanduku kimeandikwa 'inahitaji kuingia'. Kitie alama, halafu uandike jina na neno la siri upya."

"Si nimeshaandika?"

"Yale ni ya kuingia, Mjomba. Haya ni ya kutoka."

Wewe kijana! Nyumba ileile, funguo zilezile, unaniambia wakati wa kutoka nijitambulishe tena? Nikaandika, nitafanyaje. Barua ikaenda. Na papo hapo ikaingia nyingine, ya haraka, ina alama nyekundu, inatoka kwa haohao wenye seva:

"Tumeona kifaa kisichojulikana kikiingia kwenye akaunti yako. Kama si wewe, badilisha neno la siri sasa hivi."

Na chini yake kitufe kimoja tu: "Badilisha". Cha kusema "ni mimi jamani, ni mimi huyuhuyu niliyewasumbua tangu asubuhi", hawakuweka.