Huo waya unatoka wapi?

Swali hilo niliulizwa na mzee mmoja, jirani yangu hapa Sakina, Arusha, fundi ndege mstaafu, siku nilipomtolea modeli yangu ya Dakota, ile ndege ya zamani ya injini mbili, nikitegemea kusifiwa. Ndege ile ya plastiki, uwiano wa 1:48, yaani ndogo mara 48 kuliko ya kweli, ilikuwa imenila miezi minne. Injini zake mbili nilizitia nyaya mwenyewe kwa mkono, waya mmoja kwa kila silinda, nyeusi tii. Mzee alivua miwani, akaisogeza ndege karibu na pua, akanyamaza kidogo.

"Kijana, injini hii ina plagi ngapi?"

"Kumi na nne, mzee. Silinda ziko kumi na nne."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi mimi ndege yako sipandi."

Injini ya Dakota ni Pratt & Whitney R-1830. Silinda zake 14 zimepangwa safu mbili, saba mbele na saba nyuma, na kila silinda ina plagi mbili. Jumla 28 kwa injini moja. Magneto, yaani vile vinavyotengeneza umeme wa cheche, nazo ni mbili, kila moja inalisha plagi moja ya kila silinda, ili moja ikifa angani nyingine iendelee kuchoma. Mzee alinieleza kwamba ndiyo maana kabla ya kuruka rubani anazima magneto ya kwanza, anatazama mizunguko ikishuka kidogo, anairudisha, kisha anazima ya pili. Ikishuka kupita kiasi, au injini ikianza kukohoa, watu wanateremka na mafundi wanaitwa.

Ndipo akaweka ukucha juu ya waya wangu mmoja na kuuliza, "Na huu unatoka wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetoboa popote palipopenyeka sindano. Kwenye injini halisi kuna bomba lililozunguka pua ya injini kama bangili, nyaya zimepita ndani yake zikitokea kwenye magneto huko nyuma, na kutoka kwenye bangili hiyo kila waya unachomoza kuelekea plagi yake. Mimi bangili sikuwa nayo kabisa. Nyaya zangu zilikuwa zimeota kwenye chuma kama ndevu.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja ambao wenzangu wa modeli hawaupendi: kama hujui waya unatoka wapi na unafika wapi, usiuweke. Iache injini ilivyotoka kwenye boksi, ipake rangi vizuri, funga. Wengi wetu tunatia nyaya kama mtu anavyotia shanga, zikijaa tunaridhika. Mtu akiona fujo ya nyaya anasema "dah, hii kazi!" na sisi tunavimba kichwa. Lakini injini ina utaratibu wake. Hata ile ya silinda tisa zilizopangwa duara, ambayo ukiitazama unadhani inachoma kwa kufuatana, inaruka: 1, 3, 5, 7, 9, halafu 2, 4, 6, 8. Mizunguko miwili ya shafti ndipo silinda zote zinakuwa zimepata zamu. Nyaya zinazotoka kwenye magneto zinafuata mpango huo, na ile bangili ndiyo inayokufichia mkanganyiko wake. Ni zawadi kwetu, maana tunachotakiwa ni kutengeneza bangili nadhifu tu.

Kosa la pili, ambalo kwa macho yangu ni baya kuliko la kwanza, ni unene. Waya wa plagi, chukulia una milimita 7 hivi. Gawa kwa 48 unapata kama 0.15. Kwa uwiano wa 1:72 ni 0.1, na kwa 1:32 ni 0.22. Mimi kwenye Dakota niliweka waya wa nusu milimita kwa sababu ndio uliokuwepo mezani. Zidisha kwa 48: milimita 24. Nilikuwa nimefunga mpira wa kumwagilia bustani kwenye kila silinda! Ndiyo maana injini nzima ilionekana kama imekabwa, na miezi yote minne sikujua kwa nini.

Waya mwembamba haununuliwi mbali. Seti za injini zenye nyaya tayari zipo nje, ila ukishalipia usafirishaji unajikuta umenunua ndege ya pili. Mimi nakwenda kwa fundi redio karibu na soko la Kilombero, naomba relei zilizokufa, zile swichi ndogo za umeme. Ndani ya relei kuna koili, na koili ni mita nyingi za waya wa shaba uliopakwa vanishi, laini kama unywele. Spika mbovu za simu nazo zinafaa. Mafundi wanaosuka mota wana wao, lakini mwingi ni mnene, wa mota za pampu na mashine za kusaga, utauchukua bure na hutautumia.

Kuupima hakuhitaji kifaa. Zungushia waya kwenye kijiti cha meno mara ishirini, mizunguko ibanane bila kupandana, kisha weka rula. Mizunguko ishirini ikichukua milimita 3, waya wako ni 0.15. Ukichukua 4, ni 0.2, mpe mtu anayejenga ndege kubwa zaidi.

Ukishaupata, kata kipande cha kama urefu wa kidole, kilaze juu ya kioo na ukiviringishe chini ya rula ya chuma huku unakandamiza kidogo. Kinanyooka kama kimepigwa pasi. Tundu la plagi natoboa kwa sindano ya kushonea niliyoichomeka kwenye kizibo, nazungusha taratibu kwa vidole viwili. Supa gluu usiidondoshe kutoka kwenye chupa hata siku moja. Weka tone kwenye kifuniko cha soda, chovya ncha ya sindano nyingine, gusa tundu, halafu ndipo uingize waya. Kazi hii nafanya asubuhi kabla ya chai. Mwezi wa saba Arusha vidole vinaganda, basi huwa nashika kwanza kikombe cha maji ya moto, mke wangu akipita anauliza kama naumwa.

Na hiyo rangi nyeusi? Nayo nilikosea, kwa kuwa nilikuwa nawaza pikipiki. Waya wa plagi kwenye ndege kama Dakota umevikwa msuko wa chuma, kwa sababu cheche za plagi zinapiga kelele kwenye redio na msuko huo ndio unaozinyamazisha. Kwa hiyo unaonekana wa kijivu, kama bati lililochakaa. Nyeusi au kahawia waachie wanaojenga ndege za zamani zaidi, kabla redio hazijaanza kuwasumbua marubani.

Wapo watakaosema yote haya yanafichwa na kava ya injini. Ni kweli, na hapo nakubaliana nao nusu. Plagi za nyuma za safu ya nyuma ya Dakota sizitii waya, kwa sababu hata tochi haifiki. Natia zile ambazo jicho linaweza kuzifikia kupitia mdomo wa kava. Ila zile chache ziwe za kweli.

Kuna rafiki yangu wa Njiro aliyejenga Caravan, ndege tunazoziona kila siku Kisongo zikipakia watalii wa Serengeti. Akaitia nyaya sita za plagi, safi kweli kweli, unene sawa, rangi sawa. Sasa Caravan injini yake ni PT6, ya tabo, jamii ya jeti inayozungusha panga (propela). Haina silinda. Ina viwashio viwili tu, vinavyopiga cheche wakati wa kuwasha, moto ukishashika unajiendeleza wenyewe. Kinachojaa pale ni mirija ya mafuta. Hewa yenyewe inaingilia nyuma ya injini, moshi unatokea mbele, ndiyo maana ile ekzosi iko karibu na panga. Nilimwambia. Hatukuongea wiki mbili.

Sasa hivi mezani nina Dornier Do 27, ile ya mistari ya pundamilia ambayo Bernhard Grzimek, Mjerumani mtaalamu wa wanyama, na mwanawe Michael waliitumia kuhesabu wanyama Serengeti. Michael alikufa nayo tarehe 10 Januari 1959 baada ya kugongana na tai, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Ndege yenyewe wengi hapa wanaijua, injini yake hakuna anayeiuliza. Ni Lycoming GO-480, silinda sita zilizolala, tatu kila upande, plagi 12, moja juu na moja chini kwa kila silinda. Nyaya zote 12 nimeshaziweka. Za chini zilinichukua Jumapili mbili.

Nimeongeza nyingine mbili nyembamba zaidi, kutoka kwenye kila magneto kwenda kwenye swichi ya rubani. Hizi alinifundisha mzee. Magneto haihitaji betri, inajitengenezea umeme ikizungushwa tu, kwa hiyo waya wa swichi kazi yake ni kuizima kwa kuupeleka umeme huo kwenye bodi. Ukikatika, swichi inasoma imezimwa na injini bado iko hai, mtu akisukuma panga kwa mkono inaweza kuwaka. Alisema alipokuwa kazini huo ndio waya aliokuwa akiutafuta kwanza kwa macho kabla hajagusa panga lolote.

Kava sijaigundisha. Mzee yuko Rombo msibani, anarudi wiki ijayo.