Mhandisi wa Free Area

Kwa kuwa jirani yangu, ambaye alikuwa nyuma yetu na binti yake kwenye foleni ya kuandikisha watoto shuleni, ameshaisambaza habari hii katika kundi la WhatsApp la wazazi kabla hata sijafika nyumbani, ninaona heri niisimulie mwenyewe. Nakuru, ambako mtaa wetu wa Free Area uko, ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2021, lakini kwa umbeya bado ni kijiji kimoja. Nianze kwa kukanusha: sikuzirai chini ya meza ya mwalimu mkuu. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilianguka, nikainama kukiokota, nikaona ni afadhali nikae huko huko kwa muda.

Kijana wangu ni mtoto wa maswali. Amemaliza PP2, darasa la mwisho la chekechea, na Januari anaingia Gredi ya Kwanza katika shule nyingine, kwa hiyo tulikwenda kumwandikisha. Mama yangu, ambaye enzi zake mtoto alipimwa kwa kupitisha mkono juu ya kichwa hadi aguse sikio la upande wa pili, alimpima hivyo, sikio likashikika, na kwake mjadala ukaisha. Mimi nilishikilia kwamba shule za siku hizi zina usaili. Kwa wiki tatu, kila jioni nilipofunga gereji, nilimketisha juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa tukafanya mazoezi ya maswali na majibu. Mke wangu alinikumbusha zaidi ya mara moja kwamba mtoto hajui kufunga vifungo vya shati wala kufungua kopo lake la chakula, na kwamba huko chooni hatakuwapo mtu wa kumvua kaptula. Nilimjibu kwamba hayo ni mambo madogo.

Sasa tuingie ofisini, na wenye mioyo dhaifu wairuke aya hii.

Mwalimu mkuu, mtu mpole mwenye sauti nzito, aliweka kalamu mezani, akajikuna usoni, akamuuliza mtoto jina lake. Kijana wangu alibana miguu kama askari, akavuta pumzi, akatamka kwa sauti iliyofika hadi nje kwenye foleni: "Shikamoo mwalimu, usichokonoe pua." Mwalimu mkuu akaushusha mkono wake polepole. Nilikohoa, mtoto akadhani ninamhimiza. Akayataja majina yake yote matatu bila kosa, na kwa sekunde mbili nilikuwa mzazi bora katika kaunti nzima. Kisha akaongeza: "Sema kwa sauti, acha kunung'unika kama mama yako." Mke wangu alikuwa kushoto kwangu. Sikugeuka, lakini shavu la upande huo lilianza kupata joto.

"Na baba anafanya kazi gani?" akauliza mwalimu mkuu, ambaye nadhani sasa alikuwa anastarehe. Niliyaona maneno yakija kama mtu aliyekatikiwa na breki kwenye mteremko anavyouona ukuta. "Baba ni mhandisi," alisema, akatulia, akainua kidole vilevile ninavyoinua changu, "usiseme ni fundi wa pikipiki."

Hapo ndipo cheti kilipoanguka.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Usaili haukuwapo, walitaka cheti hicho na kadi ya chanjo tu, na jina aliulizwa kwa kumchangamsha. Mwalimu wa darasa alimpa kopo la chakula alifungue, akashindwa. Akamwomba afunge kifungo kimoja cha shati, akashindwa. Mke wangu hakusema neno, na nyinyi mlio katika ndoa mnaujua ukimya huo. Nafasi alipata, nasi tukaagizwa tuitumie likizo kwa vifungo, kopo na choo, na tumpitishe kwa miguu njia ya shule mara kadhaa kabla ya siku ya kwanza ili aizoee.

Tulipokuwa tukitoka, sauti nzito iliniita. "Mhandisi, pikipiki yangu inazima kila ninapopunguza mwendo."

Nilivua koti, ambalo hata hivyo lilikuwa la kuazima, nikapiga magoti uani na kufungua kabureta iliyojaa uchafu, foleni nzima ikitazama. Bawabu akaja mbio kuuliza ni nani huyu anayechokora pikipiki ya mwalimu mkuu. Kijana wangu alimwashiria ainame, akamnong'oneza sikioni kama mtu anayetunza siri kubwa: "Huyo ni baba yangu, ni mhandisi. Usiseme ni fundi wa pikipiki."