Tannoy Arden za Mafinga: uzichukue au uziache?

Kuna jamaa yangu yuko Uyole, anapenda mziki kuliko kula. Kaletewa habari kwamba Mafinga kuna mzee mstaafu wa mashamba ya chai anauza spika zake mbili, Tannoy Arden, kaachiwa na bosi wake wa zamani aliporudi kwao Uingereza. Anataka milioni nne na nusu na anasema hapungui. Kijiweni imekuwa vita, wako wanaosema mali adimu hiyo akiikosa atajuta maisha yake yote, na wako wanaosema kwa hela hiyo unanunua sabufa mpya za kujaza sebule na chenji inabaki. Mimi naona pande zote wanabishania pembeni, manake hakuna hata mmoja aliyeuliza hizo spika zikiharibika huku kwetu ni kipi kinatengenezeka na kipi hakitengenezeki. Bei inatakiwa ianzie hapo.

Kwanza kwanini watu wanazililia. Tannoy ni kampuni ya Waingereza ya tangu 1926, na mwaka 1947 wakatoa spika wanayoiita Dual Concentric, ambayo twita, yaani spika ndogo ya sauti za juu, haikai juu ya bezi kama tulivyozoea, iko nyuma huko kwenye sumaku, sauti yake inapita kwenye tundu katikati ya koni ya bezi, lile karatasi linalocheza, ndo inatokea mbele. Kwa hiyo bezi na twita zote zinatokea sehemu moja. Faida yake unaisikia ukiweka dansi la zamani, zile rekodi za studio za Radio Tanzania ambapo bendi nzima inapiga kwa pamoja, mwimbaji anasimama katikati kabisa na hahami ukigeuza kichwa. Arden za mwanzo, za kuanzia 1976, zina spika ya inchi 15 inaitwa HPD 385, na bezi yake sio ile ya kugonga kifua kama ya vigodoro, ni bezi ya gitaa la bezi, unasikia kidole kinaachia waya. Ambaye hajawahi kusikia spika kubwa ikipiga kwa sauti ya chini hawezi kuelewa ninachosema, na simlaumu.

Halafu kuna stori ya sumaku, ambayo sisi watu wa barabara ya Tunduma inatuhusu kidogo. HPD zina sumaku ya alniko, yaani mchanganyiko wa aluminiamu, nikeli, kobalti na chuma. Kobalti kwa wingi ilikuwa inatoka Katanga, wakati huo wanaiita Shaba, nchi inaitwa Zaire. 1978 vita ikaingia Kolwezi, bei ya kobalti ikapaa, na viwanda vya spika karibu vyote, Tannoy na JBL wamo, vikahamia kwenye sumaku za feraiti ambazo ni rahisi. Ndo maana Arden zenye alniko zilitengenezwa miaka michache tu na ndo maana leo zinaitwa adimu. Malori yanayotoka Kongo na mzigo huohuo wa shaba na kobalti mpaka leo yanapita hapo Uyole yanaenda bandarini Dar, tunakunywa chai tukiyaangalia.

Ila adimu ni kitu kimoja na sauti nzuri ni kitu kingine. Wapenzi wa alniko watakuapia kwamba ina utamu wake, sawa, lakini tofauti kubwa unayoisikia kati ya spika na spika inatokana na koni, kurosova (saketi ya ndani inayogawa sauti za bezi na za twita) na boksi, na feraiti ikitengenezwa vizuri inapiga vizuri tu. Tena alniko ina udhaifu wake, ukiipa moto mkubwa sana wa amplifaya au ikipigwa kishindo kikali inaweza kupungua nguvu. Kwa hiyo mtu akikuongezea milioni kwa sababu ya neno alniko, hiyo milioni ibaki mfukoni.

Sasa twende kwenye kinachomtisha jamaa yangu. Mzee katuma picha WhatsApp, na ukiikuza unaona ule ukingo wa sponji unaozunguka koni umepasuka, upande mmoja umeshaachana na chuma, na mzee mwenyewe kasema ukiugusa unaacha unga mweusi unanata kidoleni. Jamaa anaona spika mbovu hizo. Mimi nikamwambia hiyo ndo habari nzuri kuliko zote. Sponji ile ni ya poliurethani, inaoza yenyewe, hata kama spika imekaa kabatini bila kupigwa, ikifika miaka 15 au 20 imekwisha. Hakuna HPD ya 1976 ambayo bado ina sponji yake ya asili na inafanya kazi kama siku ilipotoka kiwandani. Sponji mpya za kipimo chake zinauzwa Ulaya, ni nyepesi, zinakuja kwa posta kwenye bahasha. Kwa hiyo ugonjwa unaojulikana, dawa yake inajulikana, na mkononi una sababu ya kushusha bei.

Ila fundi wa kuzibandika ndo mtihani. Mafundi wetu wa spika, wengi wamezoea spika za kumbi na makanisa, ukimpelekea koni iliyooza ukingo anakukatia raba ya tyubu anabandika na gundi ya viatu, na spika inaita. Kwa spika ya kanisa hakuna neno. Kwa Arden umeshaua, kwa sababu ule ukingo unatakiwa uwe mlaini koni icheze kwa uhuru, raba ngumu inaikaba, bezi ya chini inapotea na unabaki na boksi kubwa linalopiga kama redio. Tena kibaya zaidi koili, ule waya uliosokotwa nyuma ya koni, isipowekwa katikati sawasawa wakati wa kubandika inaanza kukwaruza sumaku, na hapo sasa umetoka kwenye tatizo la sponji umeingia kwenye tatizo la koili. Fundi mzuri anabandika huku anaisukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili na anasikiliza. Huyo mtafute kabla ya kununua, mkalishe chini mwoneshe picha, umuulize atafanyaje, majibu yake yatakwambia.

Vitu vingine vinatengenezeka hapahapa. Kapasita za kurosova zikichoka fundi redio yeyote makini anabadilisha, mradi aweke zile zisizo na chanya na hasi, asikuwekee za kutoa kwenye redio mbovu. Nobu mbili za mbele za kurekebisha sauti ya juu zikiingia kutu twita inakuwa kama imekufa, unazizungusha mara nyingi na kuzisafisha inarudi. Boksi ni chipbodi iliyobandikwa ganda la mbao nzuri, na chipbodi adui yake ni maji ya kudekia, angalia chini kabisa kama imevimba. Hata ikiwa imevimba, huko Mafinga kuna maseremala wanaishi na mbao za Sao Hill tangu wanazaliwa, ukimpa vipimo vya ndani sawasawa na lile tundu la hewa anakutengenezea boksi jipya. Lisifuate umbo tu, lifuate ujazo.

Kisichotengenezeka huku kwetu ni kiwambo cha twita, yaani ule utando unaotoa sauti, na koni yenyewe. Vikifa, unaingia kuwinda spea mtandaoni, kwa bei ya mwenye nayo. Na hapa ndo naweka mfano wa upande wa pili, Yamaha NS-1000M, ya 1974. Nyingi ukizikuta zinaonekana mpya, ukingo wa bezi yake ni wa kitambaa hauozi, boksi gumu jeusi, kila mtu anaona hizi ndo za kununua. Ni spika kali kweli sikatai. Lakini midi, yaani spika ya sauti za kati, na twita zake ni za beriliamu, madini mepesi magumu ambayo yakivunjika vumbi lake ni sumu ya mapafu, na Yamaha hawatengenezi tena. Ikipasuka moja tu, hakuna fundi wa Mwanjelwa wala wa Kariakoo atakayekusaidia. Kwa hiyo spika iliyooza sponji inaweza kuwa salama kuliko inayong'aa, watu hawalioni hilo kwa sababu wanaangalia picha.

Kuhusu uwekezaji, kwamba anunue leo auze kesho kwa faida, hilo nalikataa kabisa. Ni kweli Ulaya na Japani kuna watu wanazitafuta. Lakini kila boksi ni la kubebwa na watu wawili, ukisafirisha kutoka Mbeya mpaka kwa mnunuzi, ushushe Kitonga na zile kona zake, ufike bandarini, faida imeliwa njiani. Na huku Nyanda za Juu utamuuzia nani? Huyo mzee kakaa nazo muda wote huo na mteja aliyejitokeza ni jamaa yangu tu. Hilo tu lingetosha kumwambia kwamba "hapungui" ya mzee ni maneno. Wale wanaosema aagize mwenyewe nje nao wapige hesabu, nauli ya meli, ushuru wa forodha, VAT 18%, wakala wa kutoa mzigo, halafu ufungue ukute sponji imeoza vilevile. Na mpya zipo, Tannoy waliirudisha Arden 2017, ila bei yake ni ya gari la kutembelea.

Wa sabufa nao wana hoja yao, nisiwapuuze. Kama mziki wako ni wa simu kwa bluetooth, watoto wanacheza sebuleni wanatoboa koni kwa vidole, chumba ni kidogo, bati halina siling bodi na kuanzia Novemba mvua ya Mbeya ikianza husikii hata mtu anayeongea na wewe, basi Arden ni makabati mawili ya kuwekea maua. Jamaa yangu ana chumba, siling ipo, na mke wake keshakubali, ambalo mimi nilidhani ndo lingekuwa gumu. Amplifaya hahitaji kubwa, hizi ni spika za moto mdogo, wati 20 au 30 safi zinatosha sebule. Ila akipata amplifaya ya Kijapani ya soko la kwao aangalie nyuma imeandikwa volti ngapi, za Japani ni 100, ukichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa TANESCO wa 230 unanusa moshi.

Kwa hiyo mimi nasema aende, ila aende na testa ya kupimia ohm, betri ya tochi ya volti 1.5 na bisibisi. Afungue spika atoe, asome kwenye sumaku kama kweli ni HPD 385 zote mbili, maana kuna boksi za Arden zimewekwa spika nyingine ndani. Apime koili, ya ohm 8 inatakiwa isome kama 5 hadi 7, na mbili zilingane. Aguse betri kwenye waya za bezi, koni isogee bila kukwaruza. Twita asiiguse na betri, apige mziki kwa sauti ndogo aweke sikio pale katikati. Twita zote zikiwa hai na koni hazijachanika, aanze na milioni mbili na nusu, asivuke tatu. Twita moja ikiwa kimya hata baada ya kuzungusha zile nobu, mwisho milioni moja. Na mzee akikataa boksi lisifunguliwe, anywe chai aliyokaribishwa, apande basi arudi zake.