Wimbo wa kusikiliza umekosa viti

Binti mmoja nimemsikia mara mbili, na ningeapa ni waimbaji wawili tofauti.

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye tamasha, hapa hapa Unguja, usiku, watu wamebanana. Mwenyewe amezoea kukaa na gitaa lake peke yake na nyimbo anazitunga mwenyewe, lakini usiku ule walimshauri apande na mpiga drams na mpiga besi ili watu wachangamke. Wakachangamka kweli. Baada ya wimbo wa pili uzi wa gitaa ukakatika, akachutama pembeni ya jukwaa kufunga mwengine, na waliokuwa upande wangu wakaona ndio wasaa wa kutoka kwenda kutafuta urojo. Aliporudi kwenye maiki, mbele yangu ziliangaza simu zaidi kuliko nyuso. Nilicheza na mie, sisemi uongo. Ila nilirudi nyumbani sijaambulia neno hata moja.

Mara ya pili nilikuwa kitandani, umeme umekatika, simu inakaribia kuzima. Albamu yake ya kwanza ilikuwa imeingia mtandaoni wiki ile, nyimbo nane, gitaa na sauti na mahali pawili patatu fidla. Wimbo ule ule niliouchezea, sasa ukiwa mtupu bila drams, una mstari huu: "Ulinipa ufunguo, mlango ukachukua." Nikainuka nikakaa kitako. Kumbe nilikuwa nimerukaruka juu ya kilio cha mtu!

Tangu siku ile hili jambo linanikera. Vijana wanaotunga na kuimba wenyewe wanatoa kazi nzuri mno, na sisi tunawapa sehemu moja tu ya kukutana nao, ambayo kwa muziki wao haifai.

Sauti za Busara, tamasha letu la muziki, siilaumu. Ilianza mwaka 2004, na tangu hapo kila Februari Ngome Kongwe inajaa watu kutoka kila pembe ya Afrika; mwaka 2016 ilipokosekana kwa sababu ya fedha ndipo wengi tulipojua imetuingia kiasi gani. Na ina sharti moja ninaloliheshimu: anayepanda anapiga muziki mubashara, hakuna kuimbia juu ya wimbo uliokwisha kurekodiwa. Kwa bendi ya watu kumi na upepo wa Forodhani, pale ni peponi. Lakini tamasha ni tamasha. Mtu amesimama tangu magharibi, kiu imemshika, anataka ngoma. Ukimletea wimbo wa kunong'ona saa nne ya usiku, utamwonea yeye na utamwonea na mwimbaji.

Ajabu ni kwamba sisi ndio watu wa mwisho tuliopaswa kusahau namna ya kukaa na kusikiliza. Kwenye taarab, kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na onesho la taarab asilia ni viti. Watu wamevaa, wamejifukiza udi, wamekaa. Inapigwa kwanza bashraf, ala tupu, hakuna anayeimba, na hakuna anayeuliza mwimbaji yuko wapi. Kisha anakuja, anaimba mstari, anaurudia, fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, zinamjibu, na ukumbini mtu anageuza shingo taratibu kumtazama fulani aliyekaa safu ya tatu, maana lile fumbo analijua limemlenga nani. Halafu anainuka mama mmoja. Hana haraka. Anatembea na noti yake juu, anaipunga kwa mahadhi, anamfikia mwimbaji, anamtia mkononi, anarudi kwenye kiti chake kwa mwendo ule ule. Kutunza kule ni malipo, na pia ni kusema: neno hilo nimelisikia, na limenipata.

Kuna tofauti moja, nayo naikubali. Katika taarab kazi ile hugawanywa: mshairi anaandika, mwengine anatia muziki, mwimbaji anaimba. Vijana wa leo wanabeba yote matatu kwa mgongo mmoja, na mara nyengine mgongo unalemea. Nimesikia albamu ambazo sauti ni asali na maneno ni maji ya kunawia. Kuna wanaofikiri "nakupenda" ikirudiwa mara kumi na sita ni kibwagizo. Hao wangekwenda kukaa na mshairi mmoja wa zamani kwa mwezi, wamchemshie kahawa, wangerudi na kitu.

Lakini walio wazuri ni wazuri kweli. Albamu ya "Fusing the Roots" ya kundi la Siti and the Band ilitoka 2018, na ndani yake unasikia wazi matunda ya Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kile kilichoanza 2002 kufundisha ala kama udi na kanuni kwa watoto wa mitaa yetu, na ambacho mwaka 2019 nusura kifungwe kwa ukata. Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, akatoa "Siti of Unguja", nyimbo za bibi yake huyo, yule mwana wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Kusikiliza albamu ile kwenye spika za daladala ni dhambi. Ina pumzi ndani yake, ina mahali ambapo hakuna kitu, na mahali pale ndipo penye utamu.

Najua mtu atanitajia Bi Kidude. Atasema yule bibi alikuwa akipanda na ngoma yake na Ngome nzima ikanyamaza. Ni kweli, na nimeyaona. Sasa nitajie wa pili.

Ninachokitaka ni kidogo sana. Ukumbi wa watu sitini. Viti, hata vya plastiki. Fundi mitambo anayejua kwamba gitaa moja halihitaji kupigwa mpaka masikio yaume. Mwimbaji aimbe albamu nzima kuanzia wimbo wa kwanza, kwa kiingilio ambacho mwalimu wa skuli anaweza kukitoa bila kukopa. Na Pemba pia, jamani. Wete na Chake kuna watu wanaojua mashairi kuliko sisi wa mjini, na hakuna anayewavukishia hata gitaa moja.

Nilimpelekea mama yangu mkubwa, Kikwajuni, ile albamu ya binti yule. Yeye tamasha hakanyagi, anasema zile spika zinampandisha presha. Nikamwekea simu juu ya meza, karibu na kibao cha mbuzi, yeye anakuna nazi. Wimbo wa tatu ulipofika kwenye ufunguo na mlango, mkono ukasimama.

"Rejesha nyuma."

Nikarejesha. Akaniambia nirejeshe tena. Mara ya nne akafuta mikono, akafungua pindo la kanga, akatoa noti ya elfu mbili iliyokunjwa mara nne.

"Mpelekee."

"Mama, huyu simjui. Nimemsikia tu, jukwaani na mtandaoni."

"Basi mtafute. Mtu ameimba hivi, hakutunzwa?"

Noti bado ninayo, ndani ya kava la simu.