Shughuli za Nje ya Darasa Bila Tuzo: Zina Uzito Gani kwa Anayeomba Chuo Marekani?

Mwanafunzi wa Kenya anayesubiri kupangiwa chuo na KUCCPS, chombo cha serikali cha kazi hiyo, anajua kwamba kinachotazamwa ni alama zake za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Ukapteni wa timu au uenyekiti wa klabu ya midahalo haumwongezei pointi hata moja. Akigeukia vyuo vya Marekani, anakuta mambo mengine kabisa. Common App, fomu inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, ina nafasi 10 za shughuli na nafasi 5 za tuzo. Wengi wakifika kwenye zile 5 hukata tamaa, maana hawana cha kujaza.

Kwa vyuo vingi vya huko, hofu hiyo haina msingi. Vingi hupokea zaidi ya nusu ya waombaji, na kinachoamua hasa ni matokeo ya darasani. Ila hapo ndipo mwanafunzi wetu asiye na ada anapokwama, kwa kuwa vingi kati ya vyuo hivyo havimlipii mgeni gharama zote. Vyenye uwezo huo na vinavyopokea mgeni bila kujali kama ana fedha, kama Harvard, Yale, Princeton na MIT, ni vichache, na vingi kati yake hukataa zaidi ya waombaji 90 katika kila 100. Kwa hiyo mtoto wa mkulima wa Bomet anajikuta akigombea nafasi palepale ambapo shughuli huchambuliwa kwa makini kuliko kwingineko. Kumwambia kwamba tuzo hazina maana yoyote ni kumdanganya.

Namna uchambuzi huo unavyofanyika tunaijua kwa sababu ya kesi ya udahili dhidi ya Harvard iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 2023. Nyaraka zake zilionyesha kwamba chuo hicho kilikuwa kikizipa shughuli za mwombaji daraja. Daraja la 1 lilikuwa la mafanikio yasiyo ya kawaida, pengine ya ngazi ya taifa. La 3 lilikuwa la aliyeshiriki vizuri bila kujipambanua. Katikati, kwenye daraja la 2, mifano iliyotajwa ni kiongozi wa darasa na mhariri wa gazeti la shule, watu ambao huenda hawajawahi kuvishwa medali. Na daraja la 5, ambalo halikumaanisha udhaifu, lilitengwa kwa mwenye majukumu mazito ya familia au kazi ya kipato wakati wa masomo.

Hilo la mwisho linanigusa sana, kwa sababu vijana wetu huacha kuliandika. Aliyelea wadogo zake, aliyeuza dukani kwa mama kila jioni, aliyewafundisha hesabu wenzake bwenini, wote huona hayo ni maisha tu. Common App yenyewe inayataja majukumu ya familia na kazi ya malipo miongoni mwa aina za shughuli. MIT, kwa upande wake, huomba shughuli nne tu, kwa hiyo kurundika vyeti vya semina na mashindano ya kulipia hakumsaidii mwombaji. Mzazi anayetoa fedha kwa ajili ya vyeti vya namna hiyo angefanya heri kuzitunza.

Hata hivyo, kazi isiyo na tuzo haina shahidi, na kwenye Common App maelezo ya kila shughuli hayaruhusiwi kuzidi herufi 150. Shahidi anayebaki ni barua ya mwalimu. Barua nyingi za shule zetu husema mwanafunzi ni mtiifu na mwenye bidii, basi. Afisa wa udahili anayesoma maelfu ya maombi hapati chochote hapo. Mwalimu akiandika kwamba binti huyu alifufua klabu ya sayansi iliyokuwa imekufa, akatafuta vifaa mwenyewe na kuwaachia wanafunzi wa madarasa ya chini klabu hai, ameeleza jambo ambalo cheti kisingelieleza. Kwa hiyo mwombaji asiye na tuzo amkalishe mwalimu wake mapema, kabla mitihani haijabana, amweleze alichofanya, na nani, na kilibadilisha nini.